Makofi ya Mwezi wa Aadi

Aadi 2

Upepo wa Aadi umefika na mchanga wake wote. Nafagia ua, nikigeuka nyuma ni kama sikufagia. Bwawa limebaki tope katikati tu, na nyati wa jirani wamelala humo kama wenye nyumba. Maji ya kunywa yanaletwa na gari la tangi, nalo huja linapojisikia, kwa hiyo kila nyumba imejaza mapipa na mitungi mpaka mlangoni.

Kesho tunafungwa uzi. Shangazi ameshanigombeza nisinywe maji baridi nikaharibu sauti. Shangazi ni dada wa baba yangu, tena ndiye mama wa mume wangu, kwa hiyo ana haki ya kunigombeza kwa pande mbili, na zote anazitumia. Mwaka huu mimi ndiye nitakayeongoza kummi, ngoma ya makofi ya Mama Mari, mungu wetu wa kike mwenye mvua. Shangazi anajivunia jambo hilo, ingawa ukimwuliza atakataa. Alagu, mke wa shemeji yangu, alikuwa akiutaka uongozi huo roho juu. Ana sauti ya mlango usiotiwa mafuta, lakini haoni haya, anaimba tu.

Aadi 3

Tumefungwa uzi wa manjano mkononi mbele ya Mama. Kuanzia leo mpaka vyungu vya mbegu viende bwawani hakuna nyama, hakuna kukaanga kitu, na hakuna aliyefungwa atakayelala nje ya mpaka wa kijiji. Mwenye uzi akilala nje, kosa lake linalipwa na kijiji kizima: mimea hufa, na mvua hupita juu yetu kwenda kwa wengine.

Jioni tumepanda mbegu, kila nyumba chungu chake, kunde na choroko na mtama, udongo umechanganywa na samadi. Bibi Sornam, mtunza hekalu, amevipokea akaviingiza katika chumba cha giza nyuma ya hekalu. Ni yeye peke yake atakayeingia humo kuvimwagilia. Kazi yetu wanawake ni kucheza nje ya mlango kila jioni mpaka mbegu zisikie.

Tunazunguka, tunainama, tunapiga makofi chini, tunainuka, tunapiga juu. Mimi natupa mstari, duara zima linaurudisha.

Piga kofi, dada, piga, mbegu ziamke ndani,
Mama ataka kijani, kitoke humo gizani.

Mstari ukishatupwa sharti urudishwe. Ukiachwa hewani mimea inalala, na mwaka nao unalala. Ndiyo maana kila mwanamke aliyeingia duarani hujibu, awe amechoka, awe amenuniana na kiongozi. Leo hata Alagu amenijibu, tena kwa nguvu.

Aadi 4

Miguu inauma. Alagu alianza mstari wangu kabla sijaumaliza. Nilimkanyaga, kwa bahati mbaya.

Aadi 6

Valarmathi, binti yangu, amerudi shule mwili unawaka. Ana miaka sita na si mtoto wa kudeka, lakini leo analia kwamba macho yanamuuma kwa ndani na mifupa inamvunjika. Nilimpa uji wa wimbi na mtindi, akatapika. Shangazi anasema ni upepo.

Nimeongoza kummi akili iko nyumbani.

Aadi 7

Asubuhi Valar ameamka na upele mwekundu kifuani na mikononi. Shangazi alimvua gauni, akamgeuza kwenye mwanga, kisha akapiga magoti pale pale sakafuni.

"Mama amekuja," alisema. "Pancha, Mama amekuja nyumbani kwetu."

Nililia, na kilio changu kilikuwa cha furaha. Mama Mari akimpenda mtoto huingia mwilini mwake kucheza, na upele ni lulu zake. Sasa majani ya mwarobaini yananing'inia mlangoni na mengine tumemtandikia Valar kitandani. Wa nje haingii. Dawa haziingii, na sindano ndiyo kabisa, maana mgeni wa heshima hafukuzwi kwa sindano. Mtoto anapewa dafu, uji na mtindi, na tunamwita "Mama" tunapomlisha. Yeye mwenyewe ananitazama kama mtu aliyekosea nyumba.

Jioni wanawake walinipisha mbele. Wengine waligusa miguu yangu. Niliimba kuliko nilivyowahi kuimba, na naandika haya nikiwa na fahari.

Aadi 8

Irulappan, mume wangu, amewasili kutoka Tiruppur, anakofanya kazi kwenye kiwanda cha fulana. Alimletea Valar gauni la sikukuu. Valar hakuligusa.

Kuna jambo linanitafuna. Mimi mwenyewe Mama aliniingia nikiwa mdogo, na alama zake ninazo shavuni. Lulu zake huvimba, hujaa maji, kisha hukauka. Upele wa Valar umelala bapa, mwekundu tu, hauna maji. Nilimwambia Shangazi. Akaniuliza kama sasa mimi ndiye ninayempangia Mama nguo za kuvaa.

Nilimfuata Irulappan nyuma ya nyumba nikamwambia tumpeleke mjini, turudi kabla ya jua kuzama, uzi hautavunjwa na mtu. Alichezea ufunguo wa begi lake.

"Tungoje kidogo, Pancha."

"Tungoje nini?"

"Mama aamue."

"Mama yupi, wa hekaluni au wa jikoni?"

Aliingia ndani na ufunguo wake. Miaka yote hii nimekuwa nikiwaambia watu kwamba mume wangu ni mpole. Leo nimeona kwamba upole wake una jina jingine.

Aadi 9

Homa haishuki. Niliomba, nikaomba, nikaomba.

Kwenye foleni ya gari la maji Alagu alinisogelea. Nilidhani amekuja kunichokoza, na ulimi wangu ulikuwa tayari. Kumbe alikuja na habari ambayo mimi, mwana wa ndugu, sikuwahi kuambiwa. Shangazi alikuwa na mtoto kabla ya Irulappan. Mama alimwingia mtoto yule, kwa lulu za kweli zenye maji. Wakwe walimkataza, lakini Shangazi alimbeba akampeleka mjini kuchomwa sindano. Mtoto akamfia mapajani ndani ya basi, njiani kurudi. Wakwe wakasema Mama amekasirika, na yeye akaamini. Tangu siku hiyo hajakanyaga barabara ya mjini.

"Usipigane naye kama unapigana na mtu mkali, dada," Alagu alisema. "Yule anaogopa."

Nimekaa nayafikiria. Ingekuwa ukali ningeweza kuushinda kwa ukali, maana huo hata mimi ninao. Sijui mtu anafanya nini na hofu ya mwenzake.

Aadi 10, asubuhi

Homa imeshuka! Mwili umepoa kabisa. Shangazi amepita nyumba kwa nyumba akitangaza kutoka nje ya milango yao kwamba Mama ameridhika, kesho tutamwogesha mtoto maji ya mwarobaini na manjano. Irulappan amecheka kwa mara ya kwanza tangu aje. Na mimi nimecheka. Nilijiona mjinga kwa maneno yote niliyoyasema.

Aadi 10, kabla ya kummi

Amepoa kupita kiasi. Mikono yake ni baridi na ina unyevu, kama kitu kilichotolewa mtungini. Anashika tumbo. Hataki kukaa, hataki kulala, hataki nimshike, hataki nimwache. Nilipompangusa mdomo kitambaa kilitoka na damu. Nilidhani ameuma ulimi. Nikamfungua kinywa: ni fizi, zote.

Nilimwonyesha Shangazi kitambaa. Alikitazama, akasema Mama anaponawa miguu ili aondoke, maji yake huwa mekundu. Hakuna mtu aliyewahi kulisikia neno hilo. Amelitunga pale pale, na yeye anajua kwamba najua. Nilimwambia mtoto anakufa. Akaziba masikio kwa mikono yote miwili, kama mtoto mdogo. Irulappan amekaa karibu na kitanda anampepea, machozi yanamtoka, na hainuki.

Nimbebe nikimbie? Basi la mwisho limeshaondoka. Na kijiji kizima kiko barabarani kwenda hekaluni. Hawatanipisha, watanirudisha kwa mapenzi mema, huku wananishika kichwa. Ngoma imeanza kulia. Wananiita. Mungu, wananiita niende nikapige makofi.

Aadi 11

Naandika kwenye benchi la hospitali ya mjini. Nikiacha kuandika nitaanza kupiga kelele.

Jana nilikwenda kucheza. Nilitoka nyumbani mtoto wangu anatoka damu, nikaenda kucheza, kwa sababu kama nisingekwenda wangekuja kunichukua, na kwa sababu sikuwa na akili nyingine. Shangazi alifuata nyuma yangu. Duara lilikuwa kubwa kuliko siku zote, maana habari ya homa kushuka ilikuwa imeenea na watu walikuja kushangilia. Bibi Sornam alikuwa kwenye kizingiti cha chumba cha giza. Nilianza na mstari wa mbegu. Ukarudi. Nikatupa wa mvua. Ukarudi. Makofi yalikuwa yanakwenda vizuri, mavumbi yamepanda mpaka magotini, na mimi nasikia sauti yangu kana kwamba anaimba mtu mwingine, mwanamke mwenye bahati.

Kisha nikaona kitambaa kile bado kimechomekwa kiunoni kwangu. Sikupanga. Nilifungua kinywa na hili ndilo lililotoka:

Mama umekuja kwetu, karibu, nyumba ni yako,
Ila damu ya mwanangu, hiyo si alama yako.

Makofi yakaenda, sauti haikurudi. Tulipiga hatua, tukainama, tukainuka, hakuna aliyejibu. Niliwaona wanawake wanatazamana, na Bibi Sornam ameshika mlango. Mstari wa kwanza katika maisha yangu ulikuwa unaning'inia hewani, mbele ya vyungu vyote vya kijiji, na ni mimi niliyeutupa. Nikajua wakiuacha, nimekwisha, na Valar amekwisha.

Ndipo mlango usiotiwa mafuta ukalia. Alagu aliimba peke yake, kwa sauti ile ninayoicheka kila mwaka, mistari yote miwili, neno kwa neno. Kisha wakamfuata waliokuwa karibu naye, kisha duara lote, maana mstari ni mstari, na hakuna aliyetaka chungu chake kife kwa ajili ya kiburi. Nikatupa wa pili kabla hawajapata muda wa kufikiri:

Kama ndiwe uchezaye, mbona mkono baridi?

Ukarudi. Nikalia huku naimba:

Na kama siwe, nipishe, nende naye tabibuni.

Duara zima likaimba "nende naye tabibuni." Lilinijibu kwa sauti za wake wa wazee wa kijiji na za wale walionigusa miguu. Nilimtafuta Shangazi kwa macho. Alikuwa upande wa pili, mkabala nami, anapiga makofi, na midomo yake inakwenda. Aliyasema yote. Alipomaliza neno la mwisho mikono yake ilisimama, akatoka duarani akaanza kukimbia kuelekea nyumbani. Pindo la sari lilimdondoka begani njiani, hakulirudisha.

Nilidhani anakwenda kufunga mlango kwa ndani. Nilimkimbilia. Nilijiambia nikimkuta amefunga nitauvunja, na akisimama katikati nitampiga, yeye dada wa baba yangu.

Mlango ulikuwa wazi. Amepangusa majani yote ya mwarobaini kitandani, yako sakafuni. Amemfunga Valar kwenye shuka na amemkumbatia, na Irulappan amesimama wima kama aliyeamshwa na maji.

"Nimesema mbele ya Mama, Pancha," Shangazi alisema. "Nimesema kwa kinywa changu. Siwezi kuyameza."

Alagu alifika nyuma yetu akihema na ufunguo wa pikipiki ya shemeji. Irulappan akaendesha, Shangazi nyuma yake, Valar katikati mapajani mwake, mimi mwisho kabisa nimeshika chuma. Jua lilikuwa limezama. Kwenye jiwe la mpaka Shangazi alifumba macho, nilimwona, akayafumba mpaka tukapita, na mkono wenye uzi ulikuwa umefunika kichwa cha mtoto. Barabara nzima alirudia kitu kimoja sikioni mwa Valar: "Usinifanyie hivyo na wewe. Usinifanyie hivyo na wewe."

Daktari ni msichana mdogo kuliko mimi. Hakutugombeza, na nilitamani atugombeze. Alisema ni homa ya dengi. Alisema homa inaposhuka ndipo ugonjwa huu unapouma, ndipo damu inapovuja ndani, na tungelala naye nyumbani asingefika asubuhi. Alisema bado hajui kama tumewahi. Yaani asubuhi ile tuliyocheka, tulikuwa tunacheka nini?

Aadi 12

Leo vyungu vinakwenda bwawani. Kule sasa hivi wanawake wamevibeba vichwani na wanacheza njia nzima. Alagu ndiye anayeongoza. Hapa dripu inadondoka, tumbo la Valar limevimba, na hanijui. Nimemwambia Mama Mari kwamba kama ana hasira, mimi niko hapa, miguu yangu hiyo hapo, sauti yangu hiyo hapo, achukue. Sijui kama naomba au nagombana.

Shangazi amelala sakafuni chini ya kitanda. Muuguzi alimwambia akalale ukumbini, akajifanya hasikii.

Aadi 13

Amekojoa. Daktari alifurahi kuliko mtu aliyepata kazi. Amesema kukojoa ni dalili njema. Shangazi ametaka kwenda kumwambia mlinzi wa getini.

Aadi 14

Amenijua. Ameomba uji, kisha akasema hakuna haja tumwite Mama, yeye ni Valar.

Aadi 17

Tumerudi nyumbani. Hakuna aliyetupokea ila Alagu. Alisimulia bila kunitazama machoni. Siku ya bwawa, Bibi Sornam alipofungua chumba cha giza, mimea ilikuwa mifupi na ya njano, na chungu changu kilikuwa kimeoza. Wanawake waliibeba hivyo hivyo, lakini hakuna aliyecheza kwa moyo. Wengine walilia njiani.

Daktari alikwisha kutueleza kwamba mbu wa dengi huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama. Irulappan ameinamisha mapipa yetu yote na kuyasugua. Jirani ameniuliza kama sasa tunamwaga na maji.

Aadi 18

Wazee walikutana, nikaitwa nisikilize. Bibi Sornam ndiye aliyesema sana. Alisema nimetia maneno ya nyumbani kwangu ndani ya kummi ya Mama, nimeyabandika kwenye vinywa vya wanawake wasio na hatia, kisha nikavuka mpaka na uzi mkononi. Mvua isipokuja, watajua waanzie wapi. Sitaongoza tena, wala sitaingia duarani, mpaka wazee waamue vingine.

Kama mwaka huu hautakuwa na mvua, watoto wengi watalala njaa, na wangu akiwemo. Je, nilifanya vibaya? Waliniuliza. Nilisema ndiyo, na kwamba ningefanya tena kesho. Shangazi akasema naye alivuka, kwa hiyo wamtoe duarani naye. Wakamtoa. Ana miaka mingi katika duara lile kuliko umri wangu.

Nimelia jioni nzima kwa ajili ya ngoma. Mtoto wangu yu hai, na mimi nalia kwa ajili ya ngoma. Binadamu hatosheki.

Aadi 20

Upepo. Hakuna wingu. Dukani wananihudumia wa mwisho.

Aadi 23

Leo nilikuwa natwanga na Shangazi uani, tumefika mahali pa kutwanga bila kugombana, mara mlango wa nyuma ukasukumwa. Kwa mlango wa mbele wangeonekana. Alikuwa Bibi Sornam mwenyewe, na nyuma yake mkwewe amembeba mtoto wa kiume aliyefunikwa ushungi mpaka usoni. Hakuna aliyesalimia. Bibi Sornam alisimama akitazama kinu, kisha akasema kwa sauti ya chini sana kwamba mjukuu wake ana lulu tangu juzi.

Nilifunua ushungi. Upele ulikuwa bapa, mwekundu, hauna maji. Niliushika mkono wa mtoto. Bado ulikuwa wa moto.

Nilikuwa na maneno. Siku zote hizi nimekuwa nikiyapanga, usiku na mchana, na mengine yalikuwa mazuri sana. Bibi Sornam aliyaona yanakuja, akainamisha kichwa ayapokee.

"Basi ni la saa ngapi?" aliniuliza.

Shangazi alishaweka mchi chini na kuanza kujifunga sari vizuri, ile ya kutokea. Huyu ni mwanamke aliyekaa na hofu ya barabara ile tangu kabla mimi sijazaliwa.

"Msingoje basi, tutaomba pikipiki kwa Alagu," alisema. "Nipeni mtoto. Mlango wa kuingilia hospitalini naujua mimi."

Nikaingia ndani kumfungia mtoto uji kwenye kopo.